UBUYU WA TENDE: Safari ya tunda kavu, kutoka jahazini mpaka kwenye sahani ya mwenye kisukari

Kila mwaka Ramadhani ikiingia, kuna ubishi mmoja unazuka kwenye mikeka ya futari, kuanzia Magomeni mpaka Mombasa. Adhana imeshalia, sahani ya tende iko katikati, na pale pembeni kaketi babu, shangazi au mama mdogo ambaye hospitali walishamwambia ana kisukari aina ya pili. Mmoja anasema, "Mpeni tende bwana, ni Sunna, halafu hiyo ni sukari ya asili, haina shida." Mwingine anaivuta sahani upande wake: "Weee! Mnataka kumuua mzee wa watu?" Wanabishana mpaka uji unapoa. Mwenye kisukari mwenyewe hakuna hata mmoja aliyemuuliza leo sukari yake imesomaje.

Sasa ubuyu wenyewe ndio huu: ubishi huo haukuanzia kwenye magrupu ya WhatsApp. Una historia ndefu kuliko umri wa babu, na ndani yake wamo manahodha, watumwa, mfamasia mmoja wa Paris, kijana wa miaka 14 aliyebaki mifupa mitupu, na watu 23 waliokula tende huku wakitobolewa damu. Majina yao yakae pembeni kwa leo. Walichokifanya ndicho chenye habari.

MKOJO WA ASALI

Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, matabibu wa India waligundua jambo la ajabu. Kuna wagonjwa wakikojoa chini, sisimizi wanakuja kujazana pale pale. Ugonjwa wakauita madhumeha, maana yake mkojo wa asali. Wakaona pia kwamba wagonjwa wako wa namna mbili: wengine vijana na wamekonda, wengine watu wazima, wanene, wanaopenda kula na kukaa. Hapo hakuna maabara wala mashine, ni macho tu na sisimizi.

Ikachukua karne nyingi mpaka mtu athibitishe kwamba kilichokuwa kinawaita sisimizi ni sukari kweli. Mwaka 1776 daktari mmoja wa Liverpool, Uingereza, alichemsha mkojo wa mgonjwa mpaka maji yote yakaisha. Akabaki na unga mweupe. Akauonja. Ndiyo, aliuonja, na ukawa na ladha ya sukari. Akaonja na majimaji ya damu, nayo yalikuwa matamu. Kuanzia hapo ikajulikana kwamba sukari imejaa kwenye damu kwanza, na mkojo ni sehemu inapomwagikia tu.

Kiswahili nacho hakikuzunguka mbuyu. Ugonjwa ukaitwa kisukari, na kila anayelisikia jina hilo anadhani ameshaelewa kila kitu: acha sukari, umepona. Na tende je? Zabibu kavu je? Hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

TENDE ZILIKUJA NA UPEPO

Mtende unaozaa tende nzuri unataka jua kali, ukame na maji chini ya mizizi. Pwani ya Afrika Mashariki ina joto, lakini unyevu na mvua zake haviutaki. Kwa hiyo kwa mamia ya miaka tende hapa zilikuwa za kuja na jahazi.

Mambo yalikwenda na upepo. Kaskazi inavuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, na inasukuma vyombo kutoka Oman, Kuwait na Basra kuja Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Walikuja na tende zilizoshindiliwa kwenye vikapu vya makuti, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Kusi ikianza wanarudi, wamepakia boriti za mikoko, karafuu na bidhaa nyingine za huku. Biashara hiyo ilikuwa hai mpaka karne ya 20. Baharia mmoja mwandishi kutoka Australia alisafiri na jahazi la Wakuwaiti mwaka 1938 na 1939 mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji, akaandika jinsi mabaharia walivyokwenda kutafuta boriti kwenye matope ya mikoko.

Kwa nini tende na siyo tunda jingine? Jibu ni maji. Tunda bichi lina maji mengi, na palipo na maji vijidudu vinazaliana na kuoza kunaanza. Ukiyatoa maji, sukari inabaki imebanana sana kiasi kwamba kijidudu hakipati pa kuishi. Tende ikakaa wiki na wiki baharini, ikafika bado inalika. Hiyo hiyo sukari iliyobanana ndiyo iliyomfanya baharia apate nguvu za kuvuta kamba, na ndiyo inayomletea leo shangazi maneno. Hivyo tunda kavu lenyewe halijabadilika. Aliyebadilika ni mlaji, ambaye sasa anakaa ofisini au kwenye bodaboda, hana kamba ya kuvuta.

UPANDE MCHUNGU AMBAO HAUSIMULIWI

Hapa stori inabadilika rangi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Wamarekani waliipenda sana tende moja ya Oman inayoitwa fardh. Ilistahimili safari ndefu, na kila mwisho wa mwaka, msimu wa sikukuu, meli zilikimbizana kuifikisha New York. Soko likawa kubwa, na mashamba ya mitende kwenye pwani ya Batina kule Oman yakataka mikono mingi: wa kuchota maji ya visima, wa kumwagilia, wa kupanda mitende, wa kubeba.

Wengi wa watu hao walikuwa watumwa, na wengi wao walitoka Afrika Mashariki. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini watu waliendelea kuvushwa kwa siri. Yaani kuna wakati jahazi lililoleta tende kwa kaskazi liliweza kuondoka kwa kusi na binadamu wa kwenda kuzihudumia hizo hizo tende. Familia zilizokula futari pwani, na familia zilizokula keki za tende New York, zote hazikuona mkono uliochota maji.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani wakaamua kujipandia wenyewe. Wakachukua machipukizi ya mitende kutoka nchi za Kiarabu na Afrika Kaskazini, wakayapanda California. Soko la Oman likaporomoka. Mwaka 1927 mtaalamu mmoja wa Kimarekani alichukua machipukizi 11 ya mtende wa medjool kutoka Morocco, ambako ugonjwa ulikuwa unaimaliza mitende. Ndizo hizi tende kubwa nono zinazopangwa leo kwenye maboksi supamaketi. Ukubwa wake ukumbukwe, maana utarudi kwenye hesabu.

NJAA ILIYOFUNDISHA MADAKTARI

Wakati tende za fardh zinapakiwa meli, Ulaya kulikuwa na kisa kingine. Mwaka 1870 majeshi ya Wajerumani yaliuzingira mji wa Paris. Chakula kikaisha, watu wakala mpaka farasi na panya. Mfamasia na daktari mmoja, mtu mzima aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kisukari mjini humo, akaona kitu kilichomshangaza: baadhi ya wagonjwa wake, njaa ilipowabana, sukari ilipotea kwenye mkojo. Akahitimisha kwamba mgonjwa ale kidogo kadiri inavyowezekana, apunguze wanga, na afanye kazi ya mwili.

Ushauri ulikuwa na akili ndani yake, ila waliofuata wakaupeleka mbali. Daktari mmoja wa Naples, Italia, aliwafungia wagonjwa wake vyumbani ili wasile kwa kuiba. Marekani miaka ya 1910 ikawa ni kuwashindisha njaa waziwazi. Kwa mwenye kisukari kikali cha utotoni ilikuwa ni kuchagua kufa na ugonjwa au kufa na njaa, kwa sababu dawa haikuwepo. Matunda makavu, asali, mkate, vyote viliwekwa kundi moja: sumu.

Halafu ikaja Januari 1922. Kule Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 mwenye uzito usiofika kilo 30 alichomwa sindano ya insulini. Ile ya kwanza, tarehe 11, haikufanya vizuri. Wakaisafisha dawa upya, wakarudia tarehe 23, na sukari ikashuka. Kijana yule aliishi miaka mingine 13.

Mwaka 1936 daktari wa London akaonyesha kile ambacho matabibu wa India walishakihisi kwa macho: wagonjwa hawafanani. Kuna ambao mwili hauna insulini, na kuna ambao insulini wanayo lakini mwili haiitikii vizuri. Hili kundi la pili ndilo leo linaitwa aina ya pili, na ndilo lenye watu wengi zaidi, akiwemo babu wa kwenye mkeka.

Lakini marufuku za enzi za njaa hazikufa na enzi zake. Zilishuka kutoka kwa daktari kwenda kwa muuguzi, kwa jirani, mpaka kwa yule anayeivuta sahani ya tende. Anatetea sheria iliyotungwa wakati hakuna dawa wala kipimo cha nyumbani, na yeye mwenyewe hajui.

WATU 23 NA SAHANI YA TENDE

Mwaka 1981 watafiti wa Toronto waliuliza swali jepesi: je, vyakula vyote vya wanga vinapandisha sukari kwa kasi moja? Wakawalisha watu vyakula mbalimbali, kila kimoja kwa kiasi chenye gramu 50 za wanga, wakapima damu na kulinganisha na glukosi tupu. Majibu yakavuruga imani za watu. Vyakula vingine visivyo na utamu kabisa vilipandisha sukari haraka kuliko vingine vitamu. Kipimo hicho cha kasi wataalamu wanakiita GI: glukosi ni 100, na chakula chenye 55 kushuka chini kinahesabiwa cha polepole.

Miaka 30 baadaye, mwaka 2011, watafiti wa Umoja wa Falme za Kiarabu wakaleta tende kwenye mzani huo. Waliwachukua watu 13 wazima na watu 10 wenye kisukari aina ya pili ambao sukari yao ilikuwa imetulia vizuri. Wakawalisha aina tano za tende. Kwa wazima GI ilikuwa kati ya 46 na 55, kwa wenye kisukari kati ya 44 na 53. Yaani za polepole. Na moja ya hizo aina tano ni ile ile fardh, tende ya mashamba ya Batina.

Kwa nini iwe hivyo wakati tende ni tamu kama asali? Sukari ya tende kavu ni mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, karibu nusu kwa nusu. Fruktosi inapitia ini kwanza, haikimbilii kwenye damu kama glukosi. Ongeza nyuzinyuzi za tunda lenyewe, mwendo unapungua.

Habari kama hizo zikifika mitandaoni zinabaki maneno mawili: TENDE RUKSA. Na hapo ndipo watu wanapopigwa na kitu kizito. Utafiti ulikuwa wa watu wachache, wenye sukari iliyotulia, waliopewa kiasi kilichopimwa, wakala tende bila vyakula vingine vya futari. Halafu GI inaeleza kasi tu, haielezi mzigo. Bajaji inatembea taratibu kuliko gari, lakini zikipita bajaji ishirini barabara inajaa vile vile.

HESABU YENYEWE HII HAPA

Chukua zabibu zile za Dodoma. Gramu 100 za zabibu mbichi zina wanga kama gramu 18. Zikikaushwa, gramu 100 zina kama gramu 79. Hakuna aliyeongeza sukari, ni maji tu yameondoka. Tatizo ni kwamba tumbo halijui hilo. Mtu anayeshiba kwa kishada cha zabibu mbichi anaweza kutafuna vishada vitatu vilivyokaushwa akiwa anaangalia tamthilia, na bado akaona hajala kitu. Vijiko viwili tu vya chakula vya zabibu kavu vina wanga gramu 15 hivi, sawa na kipande cha mkate.

Tende ndogo ya kawaida ina wanga gramu 5 au 6. Medjool moja kubwa ina kama gramu 18, sawa na zaidi ya vijiko vinne vya chai vya sukari. Kwa hiyo "tende tatu" za mtu mmoja siyo "tende tatu" za mwingine. Tatu ndogo ni gramu 17 hivi. Tatu za medjool ni 54, zaidi ya kile kiasi walichopewa watu wa utafiti, na bado hajagusa muhogo.

Na ubuyu? Siyo huu wa kusimuliwa, ule wa kutafuna. Unga wa mbuyu wenyewe una nyuzinyuzi nyingi na siyo mtamu sana. Ile rangi nyekundu inayobaki kwenye vidole ndiyo sukari iliyochemshwa na kupakwa juu. Embe kavu na nanasi kavu za pakiti nazo ziangaliwe nyuma ya pakiti: kama sukari imeandikwa kwenye viambato, hilo siyo tunda kavu tupu tena, ni pipi iliyovaa kanzu.

Halafu kuna kitu kinachosahaulika kabisa. Futari ya pwani ina magimbi, viazi vitamu, ndizi, muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati na uji. Mara nyingi tende inabebeshwa kesi ya sahani nzima. Babu akinyang'anywa tende moja kisha akaachiwa kaimati sita zilizozama kwenye shira, aliyelindwa hapo ni nani?

SASA ALE AU ASILE?

Historia yote hii inamfikisha mtu kwenye jibu ambalo halina raha ya kubishania: anaweza kula, kwa hesabu. Kwa wengi wenye sukari iliyotulia, tende moja au mbili ndogo wakati wa kufungua zinaingia kwenye mpango wa chakula, mradi kitu kingine cha wanga kipungue. Ukizila na karanga au korosho zisizo na sukari mwendo unakuwa wa taratibu zaidi kuliko ukizishushia na juisi. Wazee wa pwani walishazoea kuila tende na kahawa chungu, kahawa isiyotiwa sukari hata kidogo. Utamu ulibaki kwenye tende peke yake.

Jambo la pili ni kupima. Mfamasia wa Paris alitegemea mkojo. Leo kuna kimashine kinachokaa mfukoni. Kupima kabla ya kula na tena saa mbili baadaye kunamwambia mtu tende zile zilimfanya nini yeye, siyo jirani yake. Kwa watu wazima wengi lengo baada ya kula ni sukari isizidi 10 kwa kipimo cha mmol/L, ingawa daktari anaweza kumwekea mgonjwa lengo lake tofauti.

La tatu ni dawa, na hapa hakuna utani. Mtu anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide akifunga, sukari inaweza kushuka hatari kabla ya magharibi. Ikienda chini ya 3.9 anatakiwa afungue saa ile ile, hata kama imebaki nusu saa, apate kitu cha sukari ya haraka. Ikipanda kupita 16.6 pia afungue na atafute msaada. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, kwa hiyo asione haya. Mazungumzo ya kubadilisha dozi yafanyike na daktari wiki kadhaa kabla ya mwandamo wa mwezi, siyo siku ya kumi mtu ameshaanguka msikitini. Na ambaye kisukari kimeshagusa figo zake aulize kwanza, maana matunda makavu yana potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu zinashindwa kuitoa.

KURUDI KWENYE MKEKA

Ukiitazama tena ile sahani, imebeba watu wengi. Yuko aliyechota maji Batina bila kulipwa. Yuko nahodha aliyesubiri kaskazi. Yuko kijana wa Toronto aliyeokoka kwa sindano ya pili, na wale kumi wenye kisukari waliokubali kutobolewa vidole ili swali la tende lijibiwe kwa damu badala ya makelele.

Halafu yuko shangazi mwenyewe. Miaka yote anasikia watu wawili wakimwamulia, mmoja kwa huruma, mwingine kwa hofu, na mara nyingine anaishia kula jikoni kwa kujificha, tano sita kwa mpigo, bila kupima. Hiyo ya kujificha ndiyo inayoua kimya kimya. Ile anayoila mkekani mbele za watu, akijua ni moja na kwa nini ni moja, haimfichi na mtu.

Kwa hiyo Ramadhani ijayo, kabla sahani haijavutwa huku na kule, aulizwe kwanza: "Shangazi, leo umepima? Imesoma ngapi?" Akishajibu, kila mtu atajua sahani iende upande gani.

Mdau, kwenu nyumbani nani huwa anashinda ubishi wa tende, timu ruksa au timu marufuku? Dondosha maoni hapo chini, na kama kuna mzee wako mwenye kisukari, msomee hii kabla hujam-forwardia ile ya "dawa ya kisukari kwa siku tatu".